Hofu Iliyogombewa

Moyo wa Zumra uligonga mara tatu ovyo ovyo, kama ulivyozoea, na chini ya mbao za jikoni kitu kikagonga mara tatu kuujibu.

Ilikuwa saa nne ya asubuhi, jua limeingia mpaka kwenye jiko la kuni, na yeye alikuwa akivuta mezani unga uliokandwa wa pita, ule mkate wa tabaka wa kuokwa. Unga ule huvutwa kwa migongo ya mikono, taratibu, mpaka uwe mwembamba hata maua ya kitambaa cha meza yaonekane chini yake. Alikuwa ameshayafikia maua mekundu. Mbao zilipogonga, vidole vyake vikaingia ganzi na unga ukachanika katikati.

"Panya," alisema wifi yake Rabija, bila kugeuka kutoka kwenye sufuria yake. "Wa nyumba hii wana adabu, wanabisha hodi kwanza."

"Umesikia na wewe?"

"Nimesikia unga ukichanika, wifi. Huo ndio msiba wangu. Sogea."

Rabija akaja akaushika ule unga, akaubana pale palipochanika kwa vidole vyake vinene, na baada ya dakika mbili ungeapa haukuwahi kuchanika. Mtoto Ajka, wa miaka mitatu, aliyekuwa anacheza na kijiti chini ya meza, akatoka. Hakwenda kwa mama yake. Alikwenda akashika suruali pana ya shangazi yake, akaegemeza shavu pale pajani, akamtazama mama kama mtu anavyomtazama mgeni aliyekuja kuazima ungo.

Zumra aliuona mwegemeo ule, na kile kilichogonga chini ya mbao akakisahau kwa muda. Kulikuwa na kingine kilichochoma zaidi.

Rabija alikuwa dada mkubwa wa Sakib, mume wa Zumra. Alifiwa na mumewe bado kijana, akarudi nyumba ya wazazi wake huku mlimani, na hapo akabaki na ng'ombe wake mmoja na mizaha yake mingi. Sakib alishinda kiwandani, kwenye misumeno ya mbao, akirudi na vumbi la msonobari kwenye nyusi na maneno matatu mdomoni. Basi nyumba ilikuwa ya wanawake wawili na mtoto mmoja, na hesabu hiyo, wallahi, haijawahi kugawanyika vizuri popote.

Zumra alianza kuumwa kabla Ajka hajatimiza arobaini. Zilikuwa zimebaki siku mbili. Mvua ilitishia, nepi zilikuwa kwenye kamba, na yeye akatoka jioni adhana ikisomwa, akapita chini ya mchirizi wa paa, hakusema hata bismillahi. Wanawake wa mtaa walisema amekanyaga sofra ya wale wasiotajwa, maana pale chini ya mchirizi ndipo wanapotandika chakula chao. Tangu jioni hiyo moyo wake ulianza kukimbia akiwa amekaa. Pumzi inaishia kooni, kama imekutana na mlango uliofungwa. Vidole vinawasha, midomo inakufa ganzi, na jasho la baridi linamteremka mgongoni hata akiwa kando ya jiko. Daktari wa mjini alimfunga waya kifuani, akatazama karatasi, akasema, "Moyo huu ni wa farasi, mama. Hizi ni neva, mishipa ya fahamu imechoka." Akampa vidonge vidogo vyeupe. Vidonge vilimsaidia kulala. Kuamka ndiko kulikobaki kugumu.

Aliyemsaidia kuamka alikuwa Rabija. Rabija ndiye aliyemwekea mikono kwenye maji ya kisima, akamkalisha kizingitini na kumwambia ataje vitu vitano anavyoviona, vile vile vya kipuuzi: ndoo, jogoo, soksi ya Sakib, nyingine haipo, mlima. Ndiye aliyemfundisha kupumua. "Supu ya moto hiyo, wifi. Puliza polepole, usiimwage." Ndiye aliyemtembeza hadi lango siku moja, na siku ya pili hadi bomba la msikitini. Na muda wote huo, miaka yote mitatu, Ajka alikuwa kiunoni kwa Rabija, akiota meno kiunoni kwa Rabija, akijifunza kusema kiunoni kwa Rabija.

Mtu atamchukiaje aliyemwokoa? Anaweza. Wivu wa mke mwenza una mashairi yake na washauri wake. Wivu wa mama juu ya mtoto wake mwenyewe hauna pa kupelekwa, unabaki ndani unachacha kama maziwa yaliyosahauliwa.

Kile kilichokuwa chini ya mbao kilijua. Hapo mwanzo kilikuwa kinajibu tu: moyo ukigonga, nacho kinagonga. Halafu kikaanza kutangulia. Zumra akiwa anamenya viazi, ametulia kabisa, anasikia kwanza harufu, harufu ya sufi iliyoungua pamoja na majivu mabichi, halafu ule mlio chini ya miguu, du, du, du, na moyo wake, kama mtumwa aliyeitwa, unainuka na kufuata. Akagundua pia saa zake. Hakikuja wakati wa mvua wala wakati wa ugomvi. Kilikuja pale Rabija na Ajka wanapocheka chumba cha pili, na kadiri kicheko kilivyokuwa kirefu ndivyo kilivyogonga kwa nguvu, kikipanda kutoka kwenye mbao kwenda kwenye miguu ya meza, kutoka miguu ya meza kwenda kwenye viwiko vyake, kutoka viwiko kwenda kwenye taya, hadi akawa amekaa na meno yanayogongana na kisu mkononi, anasikia pumzi ya mtu asiyekuwepo nyuma ya sikio lake, pumzi fupi fupi, pumzi yake mwenyewe kabisa isipokuwa haikutoka kwake.

Siku alipoanguka na kisu, Sakib alikwenda kumwita Bibi Nafa.

Bibi Nafa alikuwa mmiminaji, mwenye kuwatoa watu hofu kwa madini yaliyoyeyushwa. Alikuja na mfuko wake, kijiko cha chuma cha mpini mrefu, shuka jekundu na bonge la risasi, yale madini mazito, lililokuwa limechakaa kwa kuyeyushwa.

"Mnywesheni kahawa kwanza mwenye kazi," aliwaambia. "Hofu imekaa miaka mitatu, dakika kumi haitakimbia."

Alikunywa, kisha akamfunika Zumra shuka. Risasi ikayeyuka kwenye kijiko ikang'aa kama jicho. Akaimimina kwenye beseni la maji juu ya kichwa chake, halafu mbele ya kifua, halafu miguuni, na kila mara maji yalifoka kama paka aliyekanyagwa. Bibi alikuwa ananong'ona Kurani kwa ulimi mwepesi. Risasi iliyotoka majini ilikuwa na miiba kotekote.

"Lo, binti. Hii umeilisha vizuri."

"Sikuilisha, Bibi."

"Kuna kitu inakula. Sisemi ni nini. Wewe unakijua."

Alimimina siku tatu. Siku ya tatu risasi ikatoka laini kama kokwa la plamu. Bibi Nafa akaliweka beseni mikononi mwa Zumra na kumtazama usoni.

"Maji haya utayamwaga chini ya mwaridi, pale nyuma, pasipopita mguu wa mtu wala wa ng'ombe. Hofu haifi, mwanangu. Inahama. Kazi yetu ni kuihamishia pasipo na mtu. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

Na alielewa. Asubuhi yake, kabla Rabija hajatoka kukamua, Zumra alichukua beseni akapita mbele ya mwaridi bila kuutazama. Akayamwaga maji yote kwenye kizingiti cha zizi, akasimama nyuma ya pazia la jikoni.

Rabija alitoka na ndoo. Alipofika kizingitini akasimama kidogo, akatazama chini. Halafu akatanguliza mguu wa kulia, akafuatisha wa kushoto, akaingia kwa ng'ombe wake.

Siku hiyo Zumra alikula sahani mbili. Kesho yake aliteremka sokoni peke yake, akabishana bei ya pilipili hoho na kurudi na mashavu mekundu. Siku ya nne Sakib alimsikia akiimba, akasimama mlangoni na vumbi lake la mbao, akasema, "Mama Ajka," basi, maneno mengine yakamshinda. Siku ya tano Rabija aliangusha ndoo ya maziwa uani, akakaa chini katikati ya maziwa, mkono kifuani.

"Wifi," alisema kwa sauti ndogo. "Hewa imekwenda wapi?"

Rabija mkubwa yule, aliyekuwa akibeba gunia la unga kwa bega moja, alilala kitandani akitetemeka kama jani. Hakuweza kushika kijiko. Majirani wakaja na supu ya kuku, na chai ya mizizi ya usingizi, na maneno. Sakib alikaa kando ya kitanda kila jioni akimshika mkono dada yake, jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwona akilifanya. Na Ajka alipanda kitandani. Alikaa miguuni kwa shangazi yake tangu asubuhi, akasema kwa sauti ya mtu mzima, "Puliza, shangazi. Ni supu hiyo. Usiimwage."

"Ajka, njoo tukasuke nywele," Zumra alimwita kutoka mlangoni.

"Shangazi anaumwa."

"Nitakununulia peremende."

"Ngoja apone kwanza, mama."

Akabaki mlangoni na kitana mkononi, mzima kabisa, mwenye moyo wa farasi, hana wa kumsuka.

Jioni hiyo, jua lilipokuwa linateremka nyuma ya mlima na jikoni pamebaki mwanga wa jiko peke yake, alisikia. Du, du, du. Haikutoka chini ya miguu yake. Ilitoka ukutani, upande wa Rabija. Harufu ya sufi iliyoungua ikapita kwenye ufa wa mlango, nyembamba, ya kupita tu, kama ya mtu aendaye kwa jirani. Zumra akaweka mkono kifuani. Moyo wake ulikuwa unatembea polepole, umetulia, haujaitwa na mtu. Angepaswa kumshukuru Mungu. Badala yake alisogea hadi ukutani akaweka sikio, akasikiliza jinsi kile kitu kilivyokuwa kikimgongea Rabija kwa bidii, kwa mpangilio, jinsi kilivyomwinua na kumshusha, jinsi nyumba yote, mume na mtoto na majirani na hata kile kisicho na jina, ilivyohamia chumba kile na kumwacha yeye na sufuria zake, na kabla hajajua anafanya nini alikuwa amepiga magoti sakafuni, amekunja ngumi, anagonga mbao kwa vifundo vya vidole, mara tatu, akangoja, mara tatu tena, akangoja na shavu sakafuni kama mwanamke anayengoja hatua za mume aliyeoa nyumba ya pili.

Hakuna kilichomjibu.

"Unatafuta nini hapo chini?" aliuliza Sakib, ameingia na kuni.

"Pete."

"Pete unayo kidoleni." Akaziweka kuni. "Nimezungumza na daktari. Ijumaa nampeleka Rabija hospitali ya jiji. Wanaweza kumlaza mwezi. Pengine hata miwili, mitatu. Ajka utabaki naye wewe. Utaweza?"

Zumra aliinuka akipangusa magoti. Miezi mitatu. Mtoto husahau kwa mwezi mmoja. Alichotakiwa kufanya ni kufunga mdomo mpaka Ijumaa, na ilikuwa Jumatano.

"Nitaweza," alisema.

Alhamisi mchana Sakib alimleta Bibi Nafa, ajaribu mara moja kabla ya safari, halafu akaenda zake msikitini. Rabija alikalishwa kwenye kiti jikoni, akafunikwa shuka jekundu. Ajka aliambiwa angoje, akae kimya pembeni, pale kati ya jiko na ukuta. Akakaa.

Risasi ilimiminwa. Haikuganda. Ilisambaa majini ikawa chembe chembe, kama pilipili manga. Bibi Nafa akaikusanya akaiyeyusha tena, akamimina. Chembe. Mara ya tatu akakiweka chini kile kijiko.

"Hii haikuja yenyewe," alisema. "Imeletewa njia. Zumra, yale maji yako uliyamwaga wapi?"

"Chini ya mwaridi."

"Chini ya mwaridi."

"Ndiyo, Bibi."

Sauti ikatoka chini ya shuka, imekatika katika, meno yanagongana. "Usimtishe wifi yangu, Bibi. Juzi tu ndiyo ametoka kupona. Ukimtisha... mtoto atashika nani?"

Zumra alisimama pale. Alimwona Rabija kwa umbo tu, rundo la kitambaa chekundu lililokuwa likitetemeka, na mikono miwili mikubwa iliyochomoza chini yake, vidole vimejikunja kama vya kuku. Alivijua vidole vile. Alijua sasa hivi vinawasha vipi, alijua pumzi imegota wapi, alijua hata ile fikra inayopita kichwani saa ile, kwamba safari hii ndiyo ninakufa. Hakuna mtu mwingine ulimwenguni aliyemjua Rabija wakati ule kama alivyomjua yeye.

"Niliyamwaga zizini," alisema. "Kwenye kizingiti. Nilijua nani atapita."

Shuka likaacha kutetemeka. Rabija akalifunua taratibu, uso umelowa jasho, akamtazama wifi yake.

"Nilikuona," alisema.

"Uliniona?"

"Pazia lilicheza. Na kizingiti kilikuwa kimelowa, na mvua haikunyesha. Mimi nimezaliwa nyumba hii, wifi, nisijue maji ya risasi? Yalikuwa yanang'aa kwa vumbi la risasi."

"Ukakanyaga?"

"Nilikanyaga." Akavuta pumzi, akaipuliza polepole kama alivyokuwa akifundisha. "Miaka mitatu kila anayeingia mlango ule anauliza, Zumra amelalaje. Zumra amekula. Zumra leo amefika wapi. Mume wangu alipokufa niliulizwa wiki moja. Halafu nikapewa ng'ombe. Nikasema, ngoja na mimi niumwe kidogo, nione kama kuna atakayenishika mkono." Akajaribu kucheka. "Nilidhani itakuwa kidogo."

Zumra alikwenda akapiga magoti akaishika ile mikono iliyojikunja, akaanza kuisugua kidole kimoja kimoja, kama yeye alivyokuwa akisuguliwa.

"Mimi nimeisikia inakugongea," alinong'ona, "nikaona wivu. Nimeigongea sakafu irudi kwangu."

"Nyamaza, usiseme hivyo."

"Kweli, wifi."

Bibi Nafa alikuwa anawatazama wote wawili, na kwa mara ya kwanza tangu wamjue uso wake ulionyesha woga. "Mnajua nyinyi mmefanya nini?" aliuliza taratibu. "Kitu kibaya kinafukuzwa kwa kuchukiwa. Nyinyi mmekigombea. Mmekifanya bwana harusi. Ingieni wote chini ya shuka hili, sasa hivi, na mseme hamkitaki, na msidanganye."

Waliingia. Kule chini kulikuwa na joto, na giza jekundu, na jasho la wote wawili. Walikumbatiana wakasema, mmoja mmoja, kisha pamoja, hatukutaki. Juu ya vichwa vyao maji yalifoka. Sakafu ikagonga mara moja tu, kwa hasira, kama mlango unaofungwa na mtu anayetoka. Harufu ya sufi ikajaa, ikawabana pua, ikaisha. Zumra alisikia kifua cha Rabija kikifunguka kwenye kifua chake, pumzi ndefu ikaingia mpaka chini, ikatoka. Wakaanza kulia, na katikati ya kilio wakacheka, maana Rabija alikuwa amemkalia mguu.

Bibi Nafa aliwaonyesha risasi. Ilikuwa laini pande zote. Akawapa beseni walishike wote wawili, huku na huku, wakatoka hadi nyuma ya nyumba na kuyamwaga maji yale penye mwaridi, ardhi ikayanywa yote. Walirudi wameshikana viuno kama wasichana.

"Kesho siendi hospitali," alisema Rabija. "Nitakwenda kwa yule daktari wako wa farasi, anipe vidonge vyeupe, tumeze pamoja na kahawa."

"Na tutatembea hadi bomba."

"Hadi bomba. Halafu Ajka tumgawane. Asubuhi wako, jioni wangu."

"Jioni wangu," alisema Zumra, na wote wakacheka, na Zumra akaingia jikoni wa kwanza akachuchumaa, akafungua mikono. "Ajka. Njoo kwa mama. Yamekwisha."

Rabija naye akachuchumaa kando yake akafungua ya kwake. "Njoo, nyama ya moyo wangu."

Mtoto alikuwa pale pale walipomwacha, kati ya jiko na ukuta. Alikuwa amekaa kwenye mbao tupu, miguu ameinyoosha. Alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, kwa upole, bila haraka.

"Siji," alisema.

"Kwa nini, mwanangu?"

"Niko naye." Akajisogeza kidogo upande, kama mtu anayempa nafasi mwenzake. "Yeye hajawahi kuniambia ngoja."

Kisha akaegemea. Hapakuwa na ukuta upande ule, wala gunia, wala mto, palikuwa na hewa ya jikoni tu. Aliegemea kwa mwili wake wote, bega, kichwa, shavu, kama alivyokuwa akiegemea paja la shangazi yake, na hakuanguka. Unywele uliokuwa umemwangukia jichoni ukainuka taratibu, ukapelekwa nyuma ya sikio.

Bibi Nafa aliachia kijiko kikaanguka. Wale wawili hawakusogea. Mioyo yao ilikuwa ikipiga polepole, vidole vyao vilikuwa na joto, pumzi inaingia na kutoka bila kizuizi. Hofu ilikuwa imewatoka kabisa. Walimtazama mtoto wao alivyokuwa amefumba macho kwa raha mikononi mwa mwingine, na walichokihisi, wote wawili kwa pamoja, kilikuwa ni wivu.